Sura ya Saba: Skrini ya Tatu

"Usiguse kwanza," alisema Inspekta Mirta Bentancor.

Techera akaondoa mkono kwenye kipanya kama mtoto aliyefumwa kwenye kopo la sukari. Fundi huyu wa polisi alikuwa na upara na manung'uniko, amebakiza mwaka mmoja astaafu, na hakupenda kuamrishwa mbele ya mashine. Walikuwa wawili tu katika chumba cha mlinzi, ghorofani kwenye nyumba ya mnada ya Echenausi, Ciudad Vieja, mji mkongwe wa Montevideo. Kulikuwa na meza moja, kiti chenye mto uliochoka, kompyuta moja na skrini mbili zilizosimama bega kwa bega. Ukutani palibandikwa tangazo la mwenye nyumba, mzee Echenausi: YERBA NA MAJI YA MOTO MARUFUKU MEZA HII. Yerba ni majani yanayotiwa kibuyuni, yakamiminiwa maji ya moto na kufyonzwa kwa mrija, kibuyu kimoja kikizunguka kwa wote. Chini ya tangazo hilo hilo, upande wa kushoto wa meza, mbao ilikuwa na duara jeupe la themosi iliyokaa hapo miaka.

Nje mvua ilinyesha tangu alfajiri. Harufu ya torta frita, andazi la siku za mvua, ilikuwa imeshapanda ngazi kutoka kona ya mtaa, maana Montevideo mvua na mafuta ya kukaangia havichelewani.

Kesi hii ilikuwa imekwisha kwa kila mtu isipokuwa Mirta. Jumatano jioni, mkesha wa mnada, vyombo vya fedha vya shamba moja kubwa la ng'ombe la Durazno, visu na hatamu na vibuyu vilivyovishwa fedha, vilitolewa kwa lango la nyuma. Lango lile halina tundu la ufunguo. Hufunguliwa kwa kubofya kitufe kwenye kompyuta ya mlinzi, na kompyuta huweka kumbukumbu ya kila mbofyo. Kumbukumbu ilisema lango lilifunguliwa kutoka mashine hii, wakati mlinzi Waldemar Pirotto ameketi mbele yake, peke yake, akiongea na dada yake wa Tacuarembó kwa simu ya mezani. Simu ilithibitika. Dada alithibitisha. Waldemar mwenyewe hakukana kwamba alikuwepo. Alikana kubofya tu.

"Mshale wa kipanya ulikimbilia kushoto ukapotea," ndivyo alivyoandikisha kituoni. "Nikakitikisa kipanya, ukarudi. Lango sikuligusa."

Askari walicheka mpaka wakakohoa. Mwendesha mashtaka hakucheka. Alasiri hiyo angemfikisha Waldemar mbele ya hakimu na kuomba awekwe gerezani mpaka kesi isikilizwe, na kwa mtu anayekaribia miaka sitini, "mpaka kesi isikilizwe" ni safari ndefu. "Nakupa mpaka saa nane, Mirta," alimwambia kwenye simu. "Ukiniletea kipanya chenye miguu, nitakishtaki hicho."

"Haya, fungua programu ya lango," Mirta alisema sasa. "Fungua kama angefungua yeye mtu akipiga kengele."

Techera alibofya kijipicha cha lango chini ya skrini. Kikawaka. Wakasubiri. Skrini ya kulia ilijaa miraba ya kamera, mmoja ukiwa mweusi: ule wa uani, kamera iliyokufa tangu majira ya baridi, mzee Echenausi akasema itazikwa na yeye. Skrini ya kushoto ilikuwa tupu. Hakikutokea kitu.

"Imeganda," Mirta alisema.

"Haijaganda. Imefunguka." Techera akakuna upara. "Imefunguka, ila haipo hapa."

"Ipo wapi sasa, sokoni?"

"Afande, programu kama hizi zina tabia ya ng'ombe. Zinarudi kulala pale pale zilipolala jana. Ukilifunga dirisha lake skrini ya kulia, kesho litafungukia kulia. Hili linafungukia mahali pasipo na skrini. Ngoja nilivute, ni vitufe viwili vitatu tu, mara moja..."

"Techera, ukilivuta nakuvuta sikio. Niambie lilipo."

Techera alinung'unika, akaanza kuihoji mashine kwa njia zake. Mirta alisimama nyuma yake. Hatimaye fundi akanyoosha kidole kuelekea kushoto, na kidole kikagota ukutani.

"Huko. Kushoto kuliko hii ya kushoto. Na ni refu, jembamba. Refu kuliko skrini yoyote iliyopo hapa."

"Skrini iliyosimama wima."

"Naam. Kuna mtu aliunga skrini ya tatu kwenye mashine hii, akaieleza kwamba iko kushoto na imesimama, akaliburuta dirisha la lango akalipeleka huko. Akafungua lango kutoka huko, akalifunga dirisha, akang'oa waya, akaenda zake."

"Kwa nini ajisumbue kulifunga? Si angeng'oa waya tu?"

"Aking'oa waya dirisha likiwa wazi, linaruka linarudi hapa. Mlinzi angeliona limemtokea puani. Ilibidi alifunge kwanza. Mtu msafi huyo."

"Usafi umemponza," Mirta alisema, akainama.

Chini kidogo ya usawa wa meza, nyuma kabisa ya lile duara la themosi, ukuta ulikuwa na tundu la nyaya za simu za zamani. Lilizibwa kwa gazeti lililokunjwa. Gazeti lilikuwa la wiki ile ile. Mirta alilichomoa kwa koleo dogo, akalitia kwenye mfuko wa ushahidi, akachungulia. Upande wa pili aliona mguu wa meza na kiatu chekundu cha mwanamke.

*

Kiatu kilikuwa cha Ivonne Arbiza, mtengeneza katalogi. Juu ya meza yake palikuwa na skrini moja tu, nayo ilisimama wima.

"Kwa nini umeisimamisha hivi, Bi Ivonne?"

"Kwa sababu karatasi inasimama. Wewe afande unasoma gazeti limelala?"

"Jumatano jioni ulikuwa wapi?"

Ivonne akavua miwani taratibu. "Aaa. Kumbe mmemaliza kwa Waldemar, mmekuja kwangu. Nilikuwa Pando na mama, tangu mchana. Jumatano namsindikiza kliniki. Uliza huko, daktari wa kike, mnene, hana subira. Au mnanikamata kwa kosa la kusimamisha skrini?"

"Bado," Mirta alisema, akampigia simu yule daktari pale pale. Daktari alijibu, na kweli hakuwa na subira. Ivonne alikuwa kliniki, akagombana na watu wa foleni mpaka magharibi. Mirta akakata simu bila kuonyesha amefurahi au amechukia.

"Ufunguo wa chumba hiki ana nani?"

"Mimi. Na Gonzalo, meneja. Yule ana funguo za nyumba nzima, nadhani hata za mbinguni."

"Alhamisi asubuhi ulipofika, ulikuta nini tofauti?"

"Nilikuta vurugu, polisi kila kona."

"Humu chumbani."

Ivonne alifikiri. "Skrini ilikuwa imekufa. Nawasha, nyeusi. Inaandika haipati picha. Nikamwita Gonzalo, alikuwa anapita hapo ngazini. Akaja, akapeleka mkono nyuma, akabonyeza kitufe kimoja, ikawaka. Hata hakuniuliza ina nini."

Techera, aliyekuwa ameshapiga magoti nyuma ya skrini, akainua kichwa. "Ina matundu mawili ya picha. Moja limeunganishwa na kompyuta ya dada huyu. La pili tupu, ila halina vumbi, na lenzake lina vumbi la kupanda mihogo. Kitufe cha nyuma ni cha kuchagua tundu lipi litoe picha. Mtu aliiacha skrini ikichungulia tundu la pili."

"Na Gonzalo alijua," Mirta alisema.

"Gonzalo alijua bila kuambiwa."

Ivonne alitazama mmoja, akamtazama mwingine. "Jamani, Gonzalo siku ile hakuwa hata na nguvu za kupanda ngazi. Alijishika tumbo, akaniomba vidonge. Tumbo lake lile la kioo. Nikamwambia umekunywa nini? Akasema si kitu."

"Hunywa nini kwa kawaida?"

"Maziwa! Yerba humpandishia asidi. Hapa kila mtu anajua, ukimpa Gonzalo kibuyu ananyonya kimoja cha heshima, anasema asante, basi."

Na ukishasema asante, kibuyu hakikurudii tena. Ukitaka kingine unarudisha kimya, mwenye themosi anamimina, unaendelea. Mirta alikuwa amelelewa kwenye kanuni hiyo kama kila mtu wa pande hizo, hivyo neno la Ivonne lilimpita sikioni bila kugonga. Lilimrudia baadaye.

Kwanza walifanya jaribio. Techera alipitisha waya tunduni, ncha moja akaichomeka kwenye tundu la pili la skrini ya Ivonne, akazunguka kwenda chumba cha mlinzi na ncha nyingine. Mirta akabonyeza kile kitufe cha nyuma. Skrini ikawa nyeusi, ikafikiri kidogo, ikawaka. Dirisha la lango lilikuwa limeijaza yote, juu mpaka chini, bila kuzidi wala kupungua, na katikati kitufe kimoja chekundu: FUNGUA.

Sauti ya Techera ikapita tunduni. "Afande! Mashine ikikutana na skrini ngeni huilaza, tena huiweka kulia. Hii imeisimamisha yenyewe, imeiweka kushoto, sijaiambia kitu! Hawa wanajuana!"

"Na kipanya?"

"Inakumbuka kipanya cha pili pia, kisicho na waya. Kilichomekwa Jumatano hiyo hiyo. Kijidude chake cha kuchomeka lazima kilipitia tundu hili kwa waya wake, kikavutwa pamoja na ule wa skrini. Hivi vipanya ni viwili kwa mshale mmoja, afande. Huyu akisukuma, wa kule anauona unakimbia."

Mirta alimgeukia Ivonne. Hakuhitaji kuuliza.

"Gonzalo," Ivonne alisema kwa sauti ndogo. "Anacho cha ukumbini. Cha kuonyeshea picha za bidhaa siku ya mnada."

*

Kilichobaki kilikuwa kidogo, lakini bila hicho mwendesha mashtaka angemrudisha Mirta mlangoni. Kuunga skrini na kuburuta dirisha kunataka mtu akae kwenye kiti cha mlinzi. Na mlinzi aliapa hakunyanyuka kwenye kiti hicho jioni nzima.

Waldemar Pirotto aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa ameshika suruali kwa mkono, kwa kuwa mkanda walimnyang'anya. Alikuwa mtu mkubwa mpole, mwenye masharubu yaliyokaa vibaya.

"Waldemar, ulitoka chumbani Jumatano jioni?"

"Sikutoka, afande. Nimeshasema."

"Meza yako ina duara la themosi chini ya tangazo la mzee."

Waldemar akatazama dirisha.

"Mimi si mzee Echenausi," Mirta alisema. "Sina tangazo. Nakuuliza mara ya mwisho, halafu naenda kula torta frita na wewe unaenda kwa hakimu. Ulitoka?"

"Maji yaliisha," Waldemar alisema.

Mirta akafungua daftari.

"Gonzalo alipita jioni. Akasema nimechoka na kupanga viti, nimiminie kimoja. Nikammiminia. Akarudisha kimya. Nikammiminia tena. Akarudisha kimya. Nikajisemea, leo Gonzalo amepona! Afande, mtu hajasema asante, utaacha kummiminia? Utakuwa mtu gani? Tukanywa mpaka themosi ikakauka. Nikasema basi, acha nishuke jikoni nikachemshe mengine. Akasema nenda tu mzee, mimi nakutazamia kamera."

"Ukakaa sana?"

"Birika la jikoni lile si birika, ni adhabu. Nimerudi, yeye hayupo. Kibuyu changu nimekikuta upande wa kulia wa meza. Mimi huweka vyote kushoto, mkono wa kulia ni wa kipanya. Nikavirudisha mahali pake, nikampigia dada."

"Ulipokuwa jikoni uliona nini dirishani?"

"Uani. Lango."

"Lilikuwaje?"

"Limefungwa. Si ningeona?"

Mirta aliegemea kiti. Hapo ndipo palipokuwa pamemkera tangu asubuhi. Kama Gonzalo alikuwa na kiti cha mlinzi, na kitufe mbele yake, kwa nini asibofye hapo hapo, kwa nini aende mbali kote huko kwa waya na tundu na skrini ya watu? Kumbe ni jikoni. Jikoni hutazama uani. Waldemar akiwa kwenye birika ndiye alikuwa kamera pekee iliyo hai. Ilibidi arudi kwanza kwenye kiti chake, ageuzie uani mgongo, ndipo lango lifunguliwe. Na likifunguliwa yeye yuko kitini, lawama inakuwa imeshapata mwenyewe.

"Kwa nini hukuyasema haya?"

"Mzee alishanionya mara moja. Mlinzi wa kabla yangu alimwaga themosi nzima kwenye kompyuta, tangu hapo mzee akisikia maji anatetemeka. Aliniambia, Pirotto, nikikukuta na maji au nikikukuta hupo kitini, usirudi kesho. Mimi nilikuwa na vyote viwili, afande."

"Kwa hiyo ukaona afadhali jela."

"Jela sikuiona. Niliona kazi tu."

Mirta alimhurumia, na hapo hapo akamkasirikia, akashindwa kuamua lipi lianze. Akanyanyuka.

"Themosi yako iko wapi?"

"Mmeichukua ninyi. Pamoja na mkanda."

"Naiazima," Mirta alisema.

*

Gonzalo Irureta alikuwa ukumbini, akivifunika viti kwa mashuka. Ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, shati limepigwa pasi, nywele zimetii.

"Inspekta! Bado tu unahangaika na sisi? Nilidhani mmeshampata mtu wenu."

"Karatasi haziishi, Don Gonzalo. Keti kidogo tuongee." Mirta aliketi kwenye kiti cha mbele, akaweka themosi miguuni, akatia yerba kibuyuni, akaupanga mrija bila haraka. Kibuyu cha kwanza alikunywa mwenyewe, kama ada inavyotaka. Cha pili alimpa.

Gonzalo alifyonza mpaka mrija ukakoroma, akarudisha. "Asante."

"Kimoja tu?"

"Tumbo, Inspekta. Daktari ameniambia nikitaka kuona wajukuu niachane nayo."

"Na Jumatano kwa Waldemar?"

"Huko nako kimoja. Cha heshima. Nikasema asante, nikashuka kupanga viti hivi hivi unavyoviona."

"Yeye anasema mlimaliza themosi."

Gonzalo akacheka, si kwa ubaya. "Yeye anasema pia kipanya kinakimbia. Masikini. Mimi simchukii, unajua? Mtu akibanwa husema lolote."

"Kweli kabisa," Mirta alisema. Akafunika themosi. "Kabla sijaondoka, nisaidie jambo dogo. Bi Ivonne analalamika skrini yake imezima tena, na fundi wangu ni mzee, mambo haya yamempita. Nasikia wewe uliitibu Alhamisi."

"Aa, ile? Kitu kidogo sana ile. Twende."

Wakapanda. Ivonne alisimama pembeni ya dirisha, mikono kifuani. Skrini ilikuwa nyeusi, imesimama. Gonzalo hakuuliza imefanya nini. Hakutazama waya, hakuwasha wala kuzima. Alipeleka mkono nyuma moja kwa moja, kidole kikakiona kitufe chenyewe, akabonyeza.

Skrini ikafikiri kidogo, ikawaka. Kitufe chekundu cha lango kilikaa katikati, na dirisha lake limejaa kingo kwa kingo.

Gonzalo aliacha mkono wake pale nyuma, kama uliokwama.

"Hivyo ndivyo ulivyoiacha Jumatano?" Mirta aliuliza. "Au wewe ulikuwa umeketi upande huu?"

"Sijui hiki ni kitu gani."

"Ni skrini ya tatu. Nipe kipanya chako cha ukumbini, tafadhali."

"Kwa nini? Vipanya viko vingi mjini."

"Viko vingi. Kila kimoja na namba yake, na kompyuta ya Waldemar inaikumbuka namba ya kile kilichoitembelea Jumatano. Kama si chako, utakuwa umeumaliza ubishi kwa dakika moja na mimi nitakuomba radhi mbele ya mzee."

Gonzalo hakusogea. Kipanya kilikuwa kimetuna kwenye mfuko wa koti lake, kila mtu alikiona. Hatimaye Mirta akatoa glavu, akakitoa mwenyewe, pamoja na kile kijidude cha kuchomeka, akakipitisha kijidude tunduni. Upande wa pili mkono wa Techera ukakipokea. Halafu sauti ya kizee ikasema, "Hiki hiki, afande. Namba hadi namba."

Mirta akakiweka kipanya juu ya meza ya Ivonne na kukisukuma kidogo. Kwenye skrini iliyosimama mshale ukatokea ukingoni, ukaingia ndani.

"Umenikimbia huku!" Techera aliita kutoka chumba cha mlinzi. "Umekimbilia kushoto, umepotea!"

Mirta akabofya. Chini uani, kwenye mvua, lango la nyuma likaguna na kuanza kufunguka.

Wote wanne waliisikia ile sauti mpaka mwisho wake.

"Vyombo viko wapi?" Mirta aliuliza.

"Nataka wakili."

"Utampata. Na maziwa utapata. Lakini niambie kitu kimoja, si cha kuandika. Themosi nzima, na tumbo lile. Hukuweza kumtoa kwenye kiti kwa njia nyingine?"

Gonzalo alikuwa ameketi sasa, amekunja mikono tumboni bila kujua. "Mtu yule hanyanyuki kwa kitu," alisema. "Moto ukiwaka hanyanyuki. Maji yakiisha ananyanyuka."

*

Saa nane ilikuwa haijafika Mirta alipoweka karatasi moja mbele ya Waldemar. Mwendesha mashtaka alikuwa ameshasikiliza yote kwa simu, akauliza tu kama maelezo ya mlinzi yamesainiwa. Bila hayo, alisema, Gonzalo hakukalia kiti kile, na skrini ya tatu ni kichekesho cha mafundi.

"Soma kwanza," Mirta alisema.

Waldemar alisoma, midomo ikitembea. Yote yalikuwemo: themosi, maji, birika, kiti kilichobaki kitupu. Nakala moja ingekwenda kwa wakili wa nyumba ya mnada. Hilo Mirta alimweleza wazi, akamwambia pia kwamba hajui namna ya kulizuia.

"Kwa hiyo nikisaini ninatoka hapa," Waldemar alisema, "na ninatoka na kule."

"Ndiyo."

"Na nisiposaini?"

"Unabaki hapa. Na kule umetoka vilevile, maana mlinzi aliyeko gerezani halindi kitu."

Waldemar akacheka kidogo kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, akasaini. Wakamrudishia mkanda, kamba za viatu, saa na pochi. Themosi ilikuwa bado kwa Mirta.

Walitoka wakasimama chini ya kibaraza cha kituo. Mvua haikuwa na mpango wa kuacha. Waldemar alivaa mkanda hapo hapo, taratibu, tundu kwa tundu, kisha akakaa akitazama barabara. Miaka yote hiyo saa kama hii alikuwa anajiandaa kwenda zamu. Sasa hakuwa na pa kwenda isipokuwa nyumbani.

Mirta alifungua themosi. Maji yalikuwa bado moto. Akamimina, akampa kibuyu. Waldemar alikipokea kwa mkono wa kushoto, akafyonza macho yakiwa barabarani, polepole, mpaka mrija ukakoroma.

Akamgeukia Mirta. Macho yalikuwa yamemlowa, na neno lilikuwa limeshafika mdomoni, lilionekana kabisa. Ndipo akaitazama themosi, akaona bado ina maji. Akalimeza neno lile, akarudisha kibuyu kimya.

Mirta akammiminia tena.